Bi. Eufemia Ronquillo na Ubao wa Lordsburg

Tarehe 30 Aprili, baada ya miaka thelathini na mbili ya utumishi, Bi. Eufemia Ronquillo, Mpangaji Mkuu wa Usafirishaji wa Mizigo katika ofisi yetu ya Deming, atakabidhi funguo, kitambulisho na lile koti la manjano ambalo mfuko wake wa kushoto umetoboka kwa sababu ya kubeba redio. Tulimwomba astaafu Januari. Tukamwomba astaafu Juni. Amechagua Aprili, mwezi wa upepo, na siku inayofuata mtambo mpya wa majimbo manne unawashwa. Mtu pekee anayeuelewa mtambo huo kutoka California mpaka Texas atakuwa nyumbani kwake akimwagilia waridi. Mnaosoma programu hii ya hafla ya kumuaga mkinywa kahawa, jueni kwamba mwandishi wenu hanywi kahawa tena. Tumbo limekataa.

Bi. Eufemia alizaliwa Lordsburg, mtoto wa pili wa fundi wa reli na mama aliyeuza tamale za unga wa mahindi siku za Ijumaa. Aliajiriwa akiwa msichana kwenye mizani ya malori, kazi yake ikiwa kusoma uzito na kugonga mhuri. Wenzake wa wakati ule wanasema alikuwa anasoma uzito kama kila mtu, halafu anamtazama dereva usoni na kumuuliza, "Na usiku utalala wapi?" Madereva walidhani anatongoza. Hapana, alikuwa na wasiwasi tu. Alijua kwamba dereva aliyechoka akikosa pa kuegesha ataegesha kando ya barabara, na kando ya barabara ndipo watu wanapofia.

Swali hilo ndilo lililompeleka chuoni Las Cruces kwa masomo ya jioni, likamtoa kwenye mizani na kumleta idara ya mipango. Huku nako hakubadilika. Ukimletea mchoro wa daraja atausifu, kisha atauliza, "Na yakija malori mawili kwa pamoja, itakuwaje?" Ukimletea keki ya siku yake ya kuzaliwa atauliza itakuwaje wakija watu wengi. Ndiyo maana ofisi nzima inamwita Bi. Itakuwaje. Analijua jina hilo, hulijibu bila kinyongo, na mwaka juzi alilitumia kutia saini ombi la likizo kwa bahati mbaya. Likizo akapewa.

Kazi kubwa ya maisha yake ni Mpango wa Maegesho wa Barabara ya Kumi. Kwa wageni wetu wa leo, ni hivi. Chini ya lami ya kila kituo cha mapumziko tumefukia vihisi, kila nafasi ya lori ina viwili, kimoja mbele na kimoja nyuma. Vikifunikwa na chuma vyote viwili, nafasi inahesabiwa imechukuliwa. Idadi ya nafasi zilizobaki hurushwa kwenye mabao ya taa yaliyosimama barabarani mapema, hata katika jimbo jirani, ili dereva ajue mbele kuna pa kulala au hakuna. Saa ya kompyuta iliyomo ndani ya lori humhesabia dereva muda wa kuendesha aliobaki nao kisheria, na ukiisha umeisha. Kwa hiyo namba ile ya ubaoni ndiyo inayomfanya akanyage mafuta au akunje kona.

Kuyapatanisha majimbo manne kulimchukua miaka sita na meno mawili. Meno ni kweli, muulizeni daktari wake. Alikuwa anayasaga usingizini. Jimbo moja lilitaka ubao uandike "kuna nafasi" bila namba. Jingine lilitaka namba ikadiriwe. Halafu kuna Arizona, ambao hawasogezi saa zao wakati wa masika kama sisi wengine, hivyo mkutano wa saa tatu kwetu kwao ni saa mbili. Bi. Eufemia alifika Phoenix saa nzima kabla ya wakati mara tatu mfululizo, akakaa kwenye ngazi na burito yake, chapati iliyokunjiwa nyama na maharage, na mara zote tatu alisema bora kuwahi.

Katika mikutano hiyo alipigania sharti moja kuliko yote. Ubao usidanganye. Namba itoke kwenye vihisi moja kwa moja, na asiwepo mkubwa yeyote wa kuibadilisha kwa mkono isipokuwa majimbo mawili yakubaliane kwa maandishi. Aliligongea meza sharti hilo mpaka likapita. Sababu yake ilikuwa na jina, na jina hilo lilikuwa Fermín.

Fermín Ronquillo ni mdogo wake, dereva wa lori, yumo ukumbini leo katika safu ya mbele na kofia yake hajaivua. Kwa miaka mingi Fermín alikuwa mpinzani mkuu wa mpango huu, tena kwenye meza ya chakula. "Dada, mabao yenu ya serikali ni waongo," alikuwa akimwambia mbele ya watoto. "Yakisema nafasi tano, mimi natoa tatu. Wenzangu wote wanatoa tatu. Na yakisema tatu, napita." Bi. Eufemia alikuwa akirudi kazini Jumatatu amekasirika kama aliyetukanwa ukoo, ingawa aliyemtukana ni wa ukoo huo huo. Alijua mdogo wake anasema wanachosema madereva wote kwenye redio zao. Ubao usioaminiwa ni taa za bure.

Alimfuata taratibu. Alimpeleka Fermín kituoni Lordsburg, akamfanya ahesabu malori kwa macho yake huku yeye akimsomea namba ya mtambo kwenye simu. Zililingana. Wakarudi wiki nyingine, zikalingana tena. Mara moja tu hazikulingana: mtambo ulisema nafasi ya mwisho upande wa kusini imechukuliwa, na hapakuwa na lori. Fermín alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe dereva mmoja kutoka Odessa, Texas, alikuwa amesimamisha pale jiko lake la chuma la kuchomea nyama, kubwa kama jeneza, limelala juu ya kihisi cha mbele, na sanduku lake la chuma la kuni juu ya cha nyuma, na mwenyewe alikuwa anageuza mbavu. Bi. Eufemia alimwomba alisogeze. Alilisogeza, nafasi ikaonekana wazi, na wote wakapewa mbavu. Nadhani ni mbavu zile zilizomgeuza Fermín, lakini yeye anasema ni namba. Jioni ile alimwambia dada yake, "Haya. Sitoi tatu tena. Ukisema kumi na nne, ni kumi na nne."

Bi. Eufemia aliniambia baadaye kwamba hajawahi kuogopa maneno kama alivyoyaogopa hayo.

Sasa nifike kwenye Jumanne ile ya Machi, miaka miwili iliyopita. Bi. Eufemia hakutaka iandikwe. Nilimwambia bila hiyo hakuna wasifu, kuna orodha ya vyeo.

Tulikuwa Lordsburg, yeye na mimi, tukikagua vihisi. Ilikuwa saa saba mchana na upepo ulikuwa wa kawaida wa Machi, wa kukufungia mlango wa gari kabla hujatoa mguu. Kisha magharibi, kule kwenye ziwa kavu ambalo barabara hulikatiza, ukuta wa kahawia ukaanza kunyanyuka. Aliyezaliwa hapa hahitaji kuelezwa. Vumbi la ziwa lile likishuka juu ya lami, unaweza usione mkono wako kwenye usukani. Anayefunga breki anagongwa na wa nyuma, na wa nyuma anagongwa na wa nyuma yake. Ndiyo maana tunafundisha watoto shuleni: toka nje ya lami kabisa, zima taa zote, ondoa mguu kwenye breki, usimwonyeshe mwenzio taa ya kuifuata.

Polisi walikuwa wameshaanza kufunga barabara upande wetu. Upande wa Arizona, magharibi ya ziwa, kizuizi kilihitaji askari aendeshe mpaka pale, na askari alikuwa njiani. Bi. Eufemia alitazama simu yake na uso ukamwisha rangi. Ubao wa upande wa Arizona, ule wanaouona madereva wanaotoka Willcox kabla ya kufika kituo cha San Simon, ulikuwa unawaka: LORDSBURG, NAFASI 14.

Ilikuwa kweli tupu. Kituo chetu kilikuwa na nafasi kumi na nne. Mtambo ulijua kuhesabu chuma na haukujua chochote kuhusu vumbi. Kila dereva aliyebakiwa na muda kidogo kwenye saa yake alikuwa anaipita San Simon, penye usalama, anakimbilia nafasi zetu, na kati yake na nafasi hizo kulikuwa na lile ziwa.

"Fermín ametoka Yuma asubuhi," alisema. "Amebeba saladi. Yuko njiani kuja huku."

Alimpigia simu. Fermín hakupokea, kwa sababu dada yake amemfundisha kutopokea simu akiendesha. Alipiga Phoenix kwa mwenzake mwenye mamlaka ya ule ubao. Kwetu ilikuwa saa saba, kwao saa sita, na mwenzake alikuwa ametoka kwenda kula. Aliyepokea alikuwa kijana mwenye adabu nyingi. "Mama, siwezi kuigusa namba," alisema. "Kuna sharti. Lazima majimbo mawili, kwa maandishi."

"Najua kuna sharti," Bi. Eufemia alimjibu. "Mimi ndiye niliyeliandika."

Akakata simu. Nilimwona akiutazama ule ukuta wa kahawia, halafu akizitazama zile nafasi kumi na nne, safi, zimechorwa mistari myeupe. Midomo yake ilikuwa inatikisika. Nilidhani anasali. Kumbe alikuwa anasema, "Jiko. Jiko la nyama."

Sikumwelewa. Alikwisha kumpigia Cruz Apodaca, msimamizi wa karakana ya barabara, ambayo iko ng'ambo ya uzio. "Cruz, nataka kila chenye chuma ulicho nacho. Kituoni, sasa hivi. Usiniulize."

"Hata greda?" Cruz akauliza.

"Greda kwanza!"

Sijawahi kuona kitu kama kile na sitaki kukiona tena. Greda lilikuja, likaingia nafasi ya kwanza. Yakaja malori mawili ya kokoto, tanki la maji, lori la kusukumia theluji ambalo halijaona theluji tangu Krismasi. Pikapu moja haitoshi kufunika vihisi viwili, kwa hiyo tulizipanga mbili mbili, moja mbele na moja nyuma. Mafundi walileta magari yao wenyewe. Mimi nilileta gari la ofisi na nikagonga pipa la taka, jambo ambalo limeshalipwa na halihitaji kurudiwa leo. Bi. Eufemia alisimama katikati, koti la manjano likimpiga magotini, akituonyesha kwa mikono kama anayeongoza ndege, na kila mara anaitazama simu. Kumi na moja. Nane. Tano. Mbili. Moja.

Ikagoma kwenye moja. Magari yalikuwa yamekwisha, na pikapu ya mwisho ilikuwa imekosa mwenzake wa nyuma.

"Moja haifai," alisema. "Kila dereva atadhani hiyo moja ni yake."

Lililobaki kituoni lilikuwa gari la burito la Bi. Trinidad Luján, ambalo liko pale tangu enzi za mumewe na halijawahi kusogea hatua. Bi. Trinidad alitoa kichwa dirishani. "Nikisogea wateja watanipata wapi?"

"Trini, hakuna wateja! Tazama nyuma yako!"

Bi. Trinidad akatazama. Alitamka neno ambalo halifai kwenye programu, akazima jiko, na injini ikawaka mara ya tatu. Alilisogeza akiwa bado amevaa glavu za pilipili. Bi. Eufemia akaitazama simu. LORDSBURG, PAMEJAA.

Hapo ndipo hofu ilipoanza kweli, maana hapakuwa na kingine cha kufanya. Hatukujua Fermín ameupita ubao kabla haujabadilika au baada. Vumbi lililimeza ziwa, likaimeza barabara, na jua likawa kama sarafu chafu. Tuliketi ndani ya gari la ofisi na madirisha yamefungwa. Malori machache yalichomoza kutoka mle ndani, polepole, yamepauka, na kila moja likitokea Bi. Eufemia alikuwa anaegemea kioo. Kichwa cha lori la Fermín ni cha zambarau. Lilitoka jeupe. Likatoka jekundu. Likatoka ambalo hatukujua rangi yake mpaka likafika karibu, nalo lilikuwa la kijani. Kisha hayakutoka tena. Ule utupu ulikuwa mbaya kuliko malori. Alinishika mkono akauminya, na hakujua kama ameushika.

"Nilimwambia aniamini," alirudia. "Alikuwa anatoa tatu, mimi nikamwambia aache."

Simu ilipolia aliiangusha chini ya kiti. Niliipokea mimi, nikaifungulia spika.

"Dada, huo ubao wako una wazimu?" Ilikuwa sauti ya Fermín, na nyuma yake muziki. "Lordsburg pamejaa Jumanne mchana? Kuna harusi huko?"

"Uko wapi?" Bi. Eufemia alipiga kelele.

"San Simon. Nimeegesha. Mbona unanifokea? Nilikuwa na muda wa kufika kwako nile kwa Trini, ndiyo nikaona pamejaa. Kwa ubishi wangu wa zamani ningekuja tu. Ila si umesema haudanganyi? Nani kajaa huko?"

Bi. Eufemia aliweka paji la uso kwenye dashibodi akalia. Ikabidi nimjibu mimi. Nilisema, "Kuna magari mengi, bwana Fermín. Kaa hapo hapo." Alisema amekaa, na kwamba burito za San Simon hazina chumvi.

Magari matano yaligongana kwenye vumbi siku ile. Watu walipelekwa hospitali, na wote walirudi makwao. Askari wa Arizona alituambia kwamba San Simon ilifurika malori, yamejipanga mpaka kwenye njia ya kuingilia. Hakuna atakayejua ni mangapi kati ya hayo yangekuwa ndani ya ziwa.

Wiki iliyofuata Bi. Eufemia alisimama mbele ya majimbo manne na kueleza mwenyewe alichofanya. Bwana mmoja alimwambia amechezea mtambo wa umma. Alikubali. Alisema mtambo unaohitaji kuchezewa kwa greda ni mtambo uliopangwa nusu, na kwamba aliyeupanga nusu ni yeye, kwa hiyo wampe ruhusa aumalizie. Wakampa. Kuanzia Mei mosi, upepo ukizidi kipimo kwenye ziwa, mabao ya pande zote mbili yataacha kutaja nafasi zilizo ng'ambo ya vumbi na yataonyesha kituo salama kilicho kabla yake, bila kumsubiri mtu wa jimbo lolote arudi kutoka kula. Huo ndio mtambo anaotuachia. Kiti chake napewa mimi. Nimeshaanza kusaga meno.

Lakini kuna mtu mmoja ambaye hakuelezwa. Kwa miaka miwili Fermín ameendelea kuziamini namba, amewafundisha na wenzake kuziamini, na kila alipozisifu mezani dada yake alikuwa anainuka kwenda jikoni. Alikuwa anaogopa kwamba siku Fermín akijua kituo kilijazwa makusudi, ataanza tena kutoa tatu, na wenzake pia. Nilipomwonyesha rasimu ya wasifu huu alikaa nayo siku nzima. Kisha akanialika nyumbani kwake Jumapili, akapika posole, supu ya mahindi na nyama, akamweleza Fermín yote, tangu greda mpaka pipa la taka.

Fermín alisikiliza bila kuinua kijiko. Nilihesabu vifungo vya shati langu. Bi. Eufemia alikuwa amekunja kitambaa cha mkono kikawa kidogo kama kete.

"Hayo magari," Fermín akasema mwishowe, "yalikuwepo kweli kwenye nafasi? Yote?"

"Yote."

"Na la Trini?"

"La Trini lilikuwa la mwisho."

"Kwa hiyo ningekuja ningekosa pa kuegesha."

"Ungekosa."

"Basi ubao haukudanganya," Fermín akasema. "Nipe pilipili."

Bi. Eufemia alimpa pilipili, na safari hii hakuinuka kwenda jikoni.

Tulifikiria kumuaga kwa kujaza kituo cha Lordsburg tena, na greda likiwa mbele limefungwa maputo. Tukaacha, kwa sababu tulijua angeuliza dereva aliyechoka atalala wapi. Badala yake Bi. Trinidad ametuma burito, ziko meza ya nyuma, na gari lake lipo pale pale lilipokuwa tangu enzi za mumewe.

Bi. Eufemia, asante kwa kuwa na wasiwasi kwa niaba yetu sote miaka hii yote. Tunakuombea asubuhi za kuchelewa kuamka, waridi zisizoliwa na sungura, na meno yaliyobaki yadumu. Upepo utavuma mwezi wa tano, unajua na tunajua. Usikae na simu mkononi. Tutakupigia sisi, kabla hujauliza itakuwaje, na tutakuambia Fermín ameegesha wapi.

Anselmo Tafoya
kwa niaba ya wafanyakazi wote, Deming